Kadi Zilizonuka Kiatu

Katika nyumba ya fundi viatu, siku huanza kwa nyundo. Jua likichomoza, Baba huwa ameshaketi barazani kwenye kigoda chake, kiatu cha mtu kimelala kifudifudi mapajani, naye anagonga soli: ko, ko, ko. Mama huwa ameshatoka kwenda kufua mashuka ya hospitali. Bibi huwa jikoni anachemsha chai. Na Kitinda, mtoto wa mwisho, huwa anatafuta kiatu kimoja. Ajabu ya nyumba ile ndiyo hiyo. Viatu vya watu vimejaa baraza nzima, lakini kiatu cha mtoto wa fundi hakionekani.

Anayekitafuta mpaka kipatikane ni dada yake wa darasa la sita. Jina lake lipo, lakini mtaa mzima ulimwita Chiriku, kwa sababu asubuhi alianza kusema kabla hajafumbua macho vizuri, na usiku usingizi ulimkuta neno liko mdomoni.

"Kiko chini ya meza, hapo hapo ulipokitupa jana," Chiriku alisema. "Na hicho ulichovaa ni cha mteja. Kivue kabla Baba hajakuona."

"Hiki kizuri," alisema Kitinda.

"Kizuri kwa mwenyewe. Vua!"

Kitinda alikuwa chekechea, katika shule ile ile ya dada yake. Alikuwa na tabia moja iliyomtesa Bibi: kila kitu alikionja. Kifungo cha shati, penseli, kipande cha sabuni, vyote vilipita mdomoni kwanza. "Mtoto huyu macho yake yako kwenye ulimi," Bibi alizoea kusema, huku akimtoa kitu kinywani kwa kidole.

Wiki hiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya shule kufungwa kwa sikukuu ya Pasaka. Mwalimu wa chekechea alikuja darasa la sita akiwa amebeba mfuko wa pipi na karatasi ngumu za rangi. Alikuwa mama mpole, hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, na labda ndiyo sababu watoto walinyamaza kila aliposema.

"Wanangu, nataka kila mtoto wangu wa chekechea apate kadi ya Pasaka yenye pipi moja," alisema. "Nani atanisaidia kuzitengeneza?"

Chiriku alisimama kabisa. "Mimi, Mwalimu! Niachie zote."

"Zote? Peke yako?"

"Zote, Mwalimu. Mimi najua kuchora."

Kweli alijua. Kuku wake alionekana kama anataka kutaga. Aliyekaa naye dawati moja, mvulana aliyeitwa Miwani kwa sababu ya miwani yake minene, naye akanyoosha mkono. "Naweza kumsaidia."

"Wewe?" Chiriku akacheka. "Kifaranga chako cha juzi kilikuwa kiazi chenye miguu! Watoto si watalia?"

Darasa zima likaangua kicheko. Miwani akashusha mkono, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa shati ingawa haikuwa na vumbi.

Mwalimu akamwonyesha Chiriku kazi inavyotakiwa. "Pipi isitoke kwenye karatasi yake. Toboa matundu mawili kwa sindano, pitisha uzi, kisha ifunge pipi kwa fundo kama la kamba za viatu. Mtoto akivuta ncha moja tu, pipi imwangukie mkononi. Gundi hapana. Hawa wangu wakila pipi, hula na karatasi."

"Sawa, Mwalimu," Chiriku alijibu. Lakini mawazo yake yalikuwa yameshafika kwenye rangi: njano ya kifaranga, nyekundu ya pipi.

Alichora kila jioni. Katika kila kadi kifaranga alisimama juu ya yai lililopasuka, na katikati ya yai ndipo pipi ingekaa. Ndani aliandika kwa herufi za mviringo: HERI YA PASAKA. Kadi zilikuwa nzuri, na hilo hakuna wa kumnyima. Lakini kazi ya uzi aliiacha, leo akisema kesho, kesho akisema kesho kutwa, mpaka ikabaki jioni moja tu kabla ya siku ya kuzigawa.

Jioni hiyo aliketi barazani na sindano. Uzi wa kwanza ulijifunga wenyewe. Kadi ya pili ilichanika tundu. Fundo la tatu lilifunguka kabla hajaondoa mkono. Nje, wenzake walikuwa wanaruka kamba, na walikuwa wanamwita.

"Chiriku! Unakuja au umeolewa na hizo kadi?"

"Nakuja! Nimebakiza kidogo!"

Hakuwa amebakiza kidogo. Alikuwa amebakiza karibu zote. Akainua macho, na hapo mbele yake, kwenye meza ya Baba, lilikuwa kopo la gundi ya viatu.

Baba alikuwa amekwenda kumpelekea mteja viatu. Kuhusu kopo lile alikuwa na sheria moja, na aliisema mara nyingi kuliko alivyosema habari za asubuhi: "Kopo hili si la watoto. Hewa yake tu inaumiza kichwa." Chiriku aliijua sheria hiyo kama anavyolijua jina lake. Lakini aliijua pia gundi. Aliona kila siku jinsi tone dogo linavyoshika soli mpaka mtu apande nayo mlima.

Akafungua kifuniko. Akachovya kijiti, akadondosha tone kwenye yai, akaweka pipi, akabana kwa kidole. Ikashika. Akafanya ya pili, ikashika. Kumbe kazi ilikuwa rahisi hivi! Wenzake hawajamaliza wimbo wa kamba, kadi zote zikawa tayari.

Bibi alitoka jikoni, akainua kadi moja, akaisogeza karibu na macho yake yaliyofifia. "Zimependeza, mjukuu wangu. Uzi umeupitisha wapi, mbona siuoni?"

"Kwa ndani, Bibi."

"Mikono ya siku hizi!" Bibi akasifu, akairudisha kadi.

Usimlaumu Bibi kwamba hakusikia harufu. Katika nyumba ile harufu ya gundi ilikuwa kwenye mapazia, kwenye mito ya kulalia, hata kwenye chai. Aliyezaliwa sokoni haulizi kelele zinatoka wapi.

Baba aliporudi, alilishika kopo lake na kulitazama. "Nani amefungua hiki kifuniko?"

"Labda upepo, Baba," alisema Chiriku haraka.

Baba akamtazama, akalitazama kopo. Kabla hajasema neno, mteja alipiga hodi, na mazungumzo yakaishia hapo.

Asubuhi, Chiriku alibeba boksi la kadi kichwani. Kadi moja ilikuwa imezidi, naye akaitia begini ili awaringie wenzake. Miwani alimkuta njiani, wakaongozana na Kitinda nyuma yao akionja ukindu wa ufagio aliouokota.

Miwani alinusa. "Mbona boksi linanuka kiatu kipya?"

"Ni viatu vyako hivyo."

"Viatu vyangu vinanuka, sikatai," alisema Miwani. "Lakini si hivi. Vyangu havijanuka upya tangu vinunuliwe."

"Una wivu tu. Kachore viazi vyako."

Wakaendelea kutembea. Boksi likafika shuleni, likiwa bado limefungwa kwa kamba, likawekwa juu ya kabati la chekechea. Mwalimu akasema atazigawa kadi wakati wa mapumziko ya chai.

Saa ya hesabu, Chiriku alifungua begi kutoa daftari. Harufu ikamrukia usoni. Nyumbani alikuwa amelala nayo, ameamka nayo, hakuisikia. Lakini sasa pua yake ilikuwa imepata hewa ya nje asubuhi nzima, na ikamwambia ukweli. Akaitoa ile kadi. Rangi nyekundu ya karatasi ya pipi ilikuwa imechuja ikachanganyika na njano ya gundi. Alipoivuta pipi, karatasi ilibaki kwenye kadi, na pipi yenyewe ilitoka ikiwa laini, imepakaa gundi upande mzima.

"Hicho hicho," Miwani alinong'ona. "Kiatu kipya."

Chiriku akaifunika kadi kwa daftari. Alimwona Kitinda mbele ya macho yake, Kitinda ambaye hangojei karatasi itoke. Alizisikia tena sauti mbili: ya Mwalimu akisema gundi hapana, na ya Baba akisema hewa yake tu inaumiza kichwa.

"Nitafanya nini?" aliuliza. "Nikisema, kila mtu atajua."

"Sema panya wameingia kwenye boksi."

"Panya hawapaki gundi."

Miwani akafikiri. "Basi sema nilibandika mimi. Mimi watu watakubali upesi, si wanajua kazi zangu?"

Hakuwa anatania. Chiriku alimtazama huyu ambaye yeye mwenyewe alimcheka mbele ya darasa zima, sasa anajitolea kubeba aibu isiyo yake, na uso ukamwaka moto kuliko kama angemtukana. Nje, kengele ya mapumziko ikalia.

Chiriku hakusubiri ruhusa. Alikimbia, akapita uwanjani, akaingia chekechea bila hodi. Boksi lilikuwa wazi. Mwalimu alikuwa amekunja uso, ameinua kadi moja puani. Lakini nyingine ilikuwa imeshatoka, na aliyeipata ni yule anayesimama mbele ya kila mstari. Kitinda alikuwa amevuta pipi, ikakataa. Akavuta tena, ikakataa. Sasa alikuwa ameamua kuifuata huko huko: kinywa wazi, meno yameshafika kwenye kadi.

"Usile!" Chiriku alipiga kelele, akampokonya.

Kitinda akaangua kilio. Aliyekaa karibu naye akalia kwa kumwonea huruma, wa tatu akalia kwa sababu wa pili analia, na mara chekechea nzima ikawa inalia bila kujua msiba ni wa nani.

"Chiriku," Mwalimu aliuliza kwa sauti ile ile ya chini, "kuna nini?"

Mlangoni walikuwa wameshajaa wanafunzi wakubwa waliovutwa na vilio. Miwani alikuwa katikati yao. Bado Chiriku angeweza kusema panya.

"Nimezibandika kwa gundi ya viatu, Mwalimu," alisema. "Zote. Ulinikataza, na Baba alinikataza. Kazi ya uzi ilinichosha, nikataka kwenda kucheza. Ni mimi peke yangu."

Wakubwa walinong'onezana. Mwalimu hakupaza sauti. Kwanza alikitazama kinywa cha Kitinda, akakuta ni salama, akamwambia asukutue kwa maji. Halafu akafunga boksi, akafungua madirisha, akawapeleka watoto wote kunawa mikono. Baada ya hapo ndipo akamgeukia Chiriku.

"Gundi ile ni sumu," alisema. "Pipi hizi zingewaumiza matumbo na vichwa, na mtoto wa umri huu hajui kueleza anaumwa wapi. Umeniudhi. Lakini umekuja kusema kabla hawajala, na hilo pia nimeliona. Karatasi zimebaki, nitakupa. Nyumbani utasema mwenyewe, kwa mdomo wako huo huo."

Kisha akawaambia watoto, "Kadi zenu zitakuja Jumamosi, mpaka mlangoni kwenu."

"Zina miguu?" aliuliza mmoja, bado ana kamasi.

"Zina miguu ya Chiriku."

Nyumbani, Chiriku alisimama mbele ya kigoda cha Baba na boksi mikononi. Nyundo iliendelea: ko, ko, ko. Alieleza yote, pamoja na habari ya upepo. Nyundo ikanyamaza.

"Upepo nilijua sio," Baba alisema. "Upepo hauna vidole. Nilikuwa nangoja vidole vyenyewe vije."

"Nisamehe, Baba."

"Nimekusamehe. Lakini msamaha haujazi boksi. Gundi hii ilitengenezwa kwa ajili ya mguu, haikutengenezwa kwa ajili ya ulimi. Pipi zimeharibika, na mimi sinunui nyingine." Akaelekeza kidole kwenye rundo la viatu pembeni. "Vile ni vya mama mwenye duka na watoto wake, vinangoja kusafishwa na kupigwa rangi. Nenda kamwombe. Ukivipiga rangi vyote vikang'aa, akulipe kwa pipi. Akikataa, tutatafuta kazi nyingine."

Mama mwenye duka alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akakubali. Chiriku akaokota brashi. Alisugua matope, akapaka rangi, akang'arisha mpaka mabega yakauma. Kila alipodhani amemaliza, Baba alikigeuza kiatu na kusema, "Na huku kisigino?" Siku hiyo waliompita walishangaa, maana Chiriku alikuwa anafanya kazi kimya.

Alipomaliza, akiwa na mfuko wa pipi mkononi, alikwenda kwa Miwani. Mama yake Miwani alikuwa mshonaji, na nyumba yao ilijaa vipande vya uzi wa kila rangi.

"Nimekuja kukuomba msaada," Chiriku alisema. "Na nilisema vibaya kuhusu kifaranga chako."

"Kiazi," Miwani alimkumbusha.

"Kiazi, ndiyo."

"Chenye miguu."

"Miwani, nisamehe basi! Unataka niyarudie yote?"

Miwani akacheka, akasogeza kiti. Kazi ilifanyika pale pale, kwenye meza ya mshonaji, kwa sababu Bibi alisema kitu cha kuingia mdomoni kisitengenezewe tena kwenye baraza ya viatu. Kadi za zamani zilitupwa zote, gundi ilikuwa imepenya mpaka kwenye HERI. Chiriku alichora, na Miwani akachora. Bibi alikuja na sindano zake. Macho yake hayakuliona tundu la sindano, kwa hiyo Miwani alimtungia uzi, naye akawaonyesha jinsi ya kufunga fundo lisilolegea na lisilogoma.

"Usilivute kwa hasira," alimwambia Chiriku. "Uzi ni kama mtoto. Ukiuburura, unajifunga."

Jumamosi walizunguka mtaani, mlango kwa mlango. Chiriku alikuwa anaeleza kila mahali, bila kuulizwa, kwamba hizi ni za uzi. Mlango wa mwisho ulikuwa wa kwao, na Kitinda alitaka achague mwenyewe. Alizipanga kadi zilizozidi chini, akaviangalia vifaranga vizuri vya dada yake kimoja kimoja, kisha akachukua cha Miwani.

"Nataka kiazi," alisema.

Miwani akainua miwani yake kwa maringo, na Chiriku akabaki mdomo wazi.

Kitinda akavuta ncha ya uzi. Fundo likafunguka, pipi ikamwangukia kiganjani. Lakini hakuila. Aliipeleka puani kwanza, akanusa upande huu, akanusa upande ule, kama mzee anayenunua samaki.

"Haina kiatu," alitangaza, akaitupia mdomoni.

"Karatasi! Toa karatasi kwanza!" walipiga kelele wote kwa pamoja.

Walipomaliza kucheka, Bibi aliwakalisha wote watatu barazani karibu naye, na Baba akaiweka nyundo chini ili asikilize.

"Wajukuu zangu," Bibi alisema, "hata mimi nilizishika kadi zile nikazisifu, na Baba yenu alipita mbele yazo. Hakuna aliyesikia kitu, kwa sababu mwenye nyumba haisikii harufu ya nyumba yake. Ndiyo maana tukapewa majirani. Mtu akikuambia kazi yako inanuka, usiikimbilie pua yake kuitukana. Simama, unuse tena. Na ukikuta ni kweli, sema wewe mwenyewe, upesi, kabla mtoto wa mtu hajafungua kinywa. Aibu ya kusema ni ya siku moja. Ya kunyamaza, Chiriku, ingekufuata mpaka uzeeni."

"Nimesikia, Bibi," Chiriku akajibu. Na safari hiyo hakuongeza neno.